Jamii-vijiumbe: Istilahi ya Kumfaa Mwenye Kiungulia

Mikrobiomu ni jumla ya bakteria, fangasi na virusi wanaoishi mwilini, pamoja na jeni zao. Neno hili lilienea baada ya mwanasayansi Mmarekani Joshua Lederberg kulinadi mwaka 2001. Anayelifasiri kwa haraka atasema "vijidudu vya mwilini". Lakini mgonjwa akisikia kijidudu huwaza maradhi, na papo hapo hutaka dawa ya kukiua. Ndiyo maana nashikilia jamii-vijiumbe.

Kiungulia kinaonyesha sababu. Umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, hufungwa chini na msuli wa mviringo. Msuli huo ukilegea pasipo wakati wake, tindikali hupanda na kuuchoma utando wa umio. Hali hiyo ikiwa ya kujirudia, madaktari huiita ugonjwa wa kucheua tindikali.

Umio nao una wakazi wake. Ukiwa na afya, hutawaliwa na bakteria wa kundi la Streptococcus, ambao pia wamejaa kinywani. Wakipakwa rangi kwa mbinu aliyoibuni Hans Christian Gram mwaka 1884, huonekana zambarau chini ya hadubini. Mwaka 2009, timu ya Zhiheng Pei jijini New York ilionyesha kwamba katika umio uliovimba au uliobadilika utando, wale wa Gramu hasi, wanaoonekana wekundu, huwa wengi zaidi. Ganda lao la nje lina lipopolisakaridi, kemikali inayochochea uvimbe. Kama mageuzi hayo ndiyo chanzo cha ugonjwa au ni matokeo ya tindikali, bado inachunguzwa.

Vidonda vya tumbo vilituzoesha kusaka mtuhumiwa mmoja. Barry Marshall na Robin Warren wa Perth, Australia, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumfichua Helicobacter pylori. Akiangamizwa, vidonda vingi hupona. Kiungulia hakina mtuhumiwa wa namna hiyo. Tena, tafiti kadhaa zimekuta kuwa wenye bakteria huyohuyo hupata kwa nadra mabadiliko hatari ya utando wa umio.

Hata dawa huigusa jamii hii. Omeprazoli hupunguza tindikali na kuuacha umio upone. Lakini tindikali ndiyo mlinzi wa lango: ikipungua, bakteria wa kinywani ambao wangefia tumboni hufika hadi kwenye utumbo, na hatari ya baadhi ya maambukizi ya kuhara huongezeka. Aliyeandikiwa na daktari asiiache kwa hofu. Anayejinunulia katika duka la dawa mwezi hadi mwezi akamwone daktari.

Basi waandishi wa afya na wahudumu wa kliniki tuseme jamii-vijiumbe. Neno jamii humfanya mgonjwa aulize nani ameongezeka, nani amepungua na kwa nini, kabla hajaomba antibiotiki ambazo kiungulia chake hakizihitaji.