Kusuka: Kazi ya Mikono katika Nywele, Kamba, Mkate na Kikapu

Kitabu cha kumbukumbu ya usharika huandika zaidi habari za wachungaji, majengo na kengele, na ni haki kufanya hivyo. Sura hii fupi inahusu kazi ambayo haikuingia katika mihutasari ya vikao, kwa kuwa ilifundishwa kwa kutazama tu, yaani kazi ya kusuka. Hapa Mlandege mtu akipita sokoni huiona vichwani mwa mabinti, katika kamba inayofunga gunia la viazi, na katika kikapu cha milulu mkononi mwa mama. Lugha yetu imezikusanya kazi hizo chini ya kitenzi kimoja. Twasuka nywele, twasuka mkeka, twasuka kikapu. Kwa kamba aghalabu twasema kusokota, na tofauti hiyo ina maana yake.

Msingi wa kusuka ni mafungu matatu. Fungu la kulia hupitishwa juu ya lile la kati, nalo huwa la kati. Kisha la kushoto hufanyiwa vivyo hivyo. Basi kazi huendelea hadi mwisho. Mwanafunzi akisahau ni upande gani unaofuata, na atazame ni fungu lipi la pembeni lililokaa juu zaidi. Hilo ndilo linalongoja zamu yake. Kinachobaki ni mvuto wa mkono, ambao hauelezeki kwa maneno. Wasichana wa vijijini katika nchi hii ya mahindi hujifunza kwa ndevu za hindi bichi, wakilibeba hindi lenyewe kama mtoto. Ni chuo kizuri, maana ndevu zile hukatika mara moja zikivutwa kwa nguvu.

Kichwani kazi huongezeka ugumu. Katika mistari, msusi huanza na nywele chache kwenye paji la uso, na kila anapopitisha fungu huchota nyingine kutoka kichwani na kuziunga. Mistari myepesi ya kurudi nyuma, ambayo wengi huiita twende kilioni, hupata jina lake kwa kuwa yaweza kumalizika upesi msiba unapotokea. Lakini wale wanaosifia msuko unaovuta ngozi hadi macho yakaze wamekosea. Nywele za pembeni zikivutwa hivyo miaka mingi hung'oka, na nyingine hazioti tena.

Kamba hutumia hila nyingine. Nyuzi hugawanywa mafungu mawili, kila moja likasokotwa kuelekea upande mmoja, kisha yote mawili yakaviringishwa pamoja kuelekea upande wa pili. Kila fungu likitaka kujifungua, linalikaza jenzake. Ndiyo sababu kamba ya kusokotwa hubeba mzigo mzito, na ile ya kusukwa kwa mafungu matatu huwa bapa na kufaa kwa mkanda. Wazee wetu walitumia magome ya miti ya porini. Katani ilikuja baadaye: mwaka 1893 Dkt. Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida, na inasimuliwa kwamba 62 tu ndiyo iliyopona safari. Kutoka katika hiyo michache yakaenea mashamba makubwa ya Tanga na Morogoro.

Mkate wa kusukwa si wa asili yetu. Wajerumani, ambao wamisionari wao wa Berlin waliingia Nyanda za Juu Kusini mwaka 1891 kupitia kaskazini mwa Ziwa Nyasa, wana neno Zopf, ambalo ni msuko wa nywele za msichana na pia ni mkate mtamu wa ngano uliosukwa. Wayahudi nao huweka mkate wa namna hiyo mezani pa Sabato, nao huitwa challah. Unga uliokandwa na hamira hugawanywa mafungu matatu, huachwa upumzike kidogo ili usijivute, kisha husukwa kwa ulegevu. Hapa mkono wa msusi wa nywele hupaswa kujizuia, kwa kuwa donge bado litaumuka, na likibanwa litapasuka katika tanuri.

Sasa nije kwenye jambo lililowasumbua Wakristo wengi. Zipo jamii za Kikristo katika Afrika Mashariki ambazo hadi leo huwakataza wanawake kusuka nywele, zikitegemea 1 Timotheo 2:9 na 1 Petro 3:3. Yafaa tuyatazame maneno yenyewe. Katika Kigiriki, neno la Timotheo na lile la Petro yote yametoka katika shina moja lenye maana ya kusuka, na shina hilo hilo ndilo Mathayo analotumia katika 27:29, pale askari walipoifanya taji ya miiba. Basi Kigiriki, kama Kiswahili, hakikutenga msuko wa kichwani na misuko mingine. Tena mitume wanataja misuko pamoja na dhahabu na mavazi ya thamani. Katika miji ya Warumi mwanamke tajiri alisukwa na watumwa wake kwa saa nyingi, na kichwa chake kilitangaza mali yake. Mistari ya binti wa Mlandege, aliyosukwa na dada yake chini ya mwembe Jumamosi jioni, haitangazi mali yoyote.

Na Paulo mwenyewe alikuwa na deni kwa wasukaji. Anaposimulia katika 2 Wakorintho 11:33 jinsi alivyoshushwa dirishani huko Dameski, anakitaja chombo kwa neno linalomaanisha kapu la kusukwa, la kamba au la nyasi. Uhai wake ulining'inia ukutani katika kazi ya mikono ya mtu ambaye jina lake halikuandikwa.

Kapu latuleta nyumbani, maana hapa ndipo Iringa inapojulikana. Pwani husuka ukili wa ukindu au miyaa, utepe mrefu bapa unaoshonwa duru kwa duru kwa sindano hadi uwe mkeka au kapu. Wanawake wa Uhehe hawafuati njia hiyo. Wao huchuma milulu, nyasi za mabondeni, huzikausha, huanza na kitako, kisha huupandisha ukuta mduara juu ya mduara, kwa mbano mzuri kiasi kwamba kikapu husimama chenyewe. Leo vikapu hivyo huuzwa hata Ulaya na Marekani kwa watu wasioweza kuitaja Kalenga. Tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini, vimerudi pia katika mikono ya wanunuzi wetu wenyewe.

Hata hivyo milulu hutaka bonde lenye maji, na bonde likigeuzwa lote kuwa vinyungu, nyasi hizo huondoka. Tena wasichana wetu wengi hunyolewa shuleni, hivyo miaka ambayo bibi zao walijifunza kusuka, wao huipitia bila kichwa cha kujifunzia. Hilo silaumu, shule ina sababu zake. Lakini akina mama wanaokutana kanisani kila juma wangeweza kuwaita watoto wa Kipaimara, wavulana pamoja na wasichana, na kuanza nao kwa katani iliyolowekwa maji, ikiwa imefungwa kwenye mguu wa kiti, kabla ya kuwapa milulu.