Kadi za Posta na Stempu za Ulaya: Historia ya Karatasi Iliyosafiri

Ukusanyaji wa kadi za posta na stempu ulikua barani Ulaya katika karne ya 19 sambamba na mageuzi ya huduma ya posta, kiasi kwamba historia ya albamu za wakusanyaji haitenganishiki na historia ya mikataba, bei na sheria zilizowawezesha watu wa nchi mbalimbali kuandikiana. Stempu ni karatasi ndogo yenye gundi inayothibitisha kwamba gharama ya kusafirisha barua imekwisha kulipwa, na kadi ya posta ni karatasi nene inayotumwa wazi, bila bahasha. Thamani ya vitu hivi viwili kwa mwanahistoria imo hasa katika safari viliyoifanya kutoka mkono wa mtumaji hadi wa mpokeaji.

Kabla ya mwaka 1840, barua nyingi nchini Uingereza zililipiwa na mpokeaji, tena kwa bei iliyopangwa kwa kufuata umbali na idadi ya karatasi, hivyo watu wa kipato kidogo walilazimika mara nyingine kuikataa barua waliyoletewa mlangoni. Rowland Hill, katika kijitabu alichokitoa mwaka 1837, alipendekeza kwamba mtumaji alipe mapema, na kwamba barua isiyozidi nusu aunsi itozwe peni moja popote iendako ndani ya nchi. Stempu ya kwanza ya aina hiyo duniani, nyeusi na yenye sura ya Malkia Victoria, ilianza kutumika rasmi tarehe 6 Mei 1840, na katika mwaka huo barua zilizotumwa ziliongezeka zaidi ya mara mbili. Majimbo ya Zürich na Geneva yalitoa stempu zao mwaka 1843, nazo Ufaransa, Ubelgiji na Bavaria zikafuata mwaka 1849.

Wakusanyaji hawakukawia kujitokeza. Mwaka 1861 Alfred Potiquet alichapisha mjini Paris orodha ya stempu zilizokuwa zikijulikana, na mwaka 1864 Mfaransa mwenzake, Georges Herpin, akaupa ukusanyaji huo jina la filatelia, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kupenda na ya kusamehewa ushuru, kwa kuwa mpokeaji wa barua yenye stempu hadaiwi tena. Hata hivyo, wengi wa wakusanyaji wa awali walikuwa na desturi iliyoleta hasara kubwa: waliloweka bahasha majini, wakabandua stempu na kutupa kilichobaki, na pamoja na bahasha hizo zikapotea anwani, tarehe na njia ambazo barua zilipitia.

Kadi ya posta ilizaliwa katika mazingira mengine. Heinrich von Stephan, ofisa wa posta wa Prussia, alitoa rai ya kuwa na kadi hiyo mwaka 1865 bila kukubaliwa, lakini Emanuel Herrmann, profesa wa uchumi katika chuo cha kijeshi cha Wiener Neustadt, aliitetea upya gazetini mwezi Januari 1869, akisema kwamba ujumbe mfupi haustahili gharama ya barua kamili. Tarehe 1 Oktoba 1869 posta ya Austria-Hungaria ikaanza kuuza kadi kwa kreuzer 2, wakati barua ya kawaida ilitozwa kreuzer 5.

Mawasiliano ya kuvuka mipaka yalirahisishwa na mkataba uliotiwa saini mjini Bern tarehe 9 Oktoba 1874, siku inayoadhimishwa hadi leo kuwa Siku ya Posta Duniani. Nchi 22 zilikubaliana kuhesabu ardhi zao kuwa eneo moja la posta, ambamo kila nchi ilibaki na malipo iliyoyapokea na kusambaza barua za wenzake, na umoja ulioundwa hivyo ukaitwa Umoja wa Posta Duniani mwaka 1878. Mkutano wake wa mwaka 1897 uliagiza hata rangi za stempu za safari za nje: kijani kwa machapisho, nyekundu kwa kadi, buluu kwa barua. Ndiyo maana kadi nyingi zilizovuka mipaka ya Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20 zina stempu nyekundu, ziwe za Ujerumani, Ufaransa au Uingereza.

Mwanzoni upande mmoja wa kadi ulikuwa wa anwani peke yake, na kadi zilipoanza kuwa na picha, mwandishi alijibana pembezoni mwa picha hiyo. Uingereza iliruhusu upande wa anwani kugawanywa sehemu mbili mwaka 1902, na Ujerumani ikafanya hivyo mwaka 1905, hivyo picha ikapata upande mzima. Wachapaji wa Ujerumani, ambao kadi zao zenye maneno ya salamu kutoka mji fulani zilikwisha kuenea, walichapa pia kwa ajili ya nchi nyingine, mpaka vita vya 1914 vilipoikata biashara hiyo. Katika miaka hiyo kubadilishana kadi na watu wasioonana kulienea sana, hasa miongoni mwa wasichana, na pia miongoni mwa wasemaji wa Kiesperanto, lugha iliyotangazwa na L. L. Zamenhof mwaka 1887.

Baada ya vita viwili vikuu, stempu yenyewe ilibeba nia ya upatanisho. Mwaka 1956 Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Luxembourg na Uholanzi zilitoa stempu za mchoro mmoja, unaoonyesha mnara wa herufi za neno EUROPA ukiwa bado unajengwa, nazo nchi zilizokuwa zimepigana miaka 11 tu kabla zikabandika picha ile ile juu ya barua zao.

Thamani ya stempu iliyobaki juu ya bahasha yake huonekana hata sokoni. Barua iliyotumwa kutoka Morisi mwaka 1847 kwa mfanyabiashara wa mvinyo wa Bordeaux, ikiwa na stempu mbili za kwanza za kisiwa hicho, iliuzwa mjini Zürich mwaka 1993 kwa zaidi ya faranga milioni 5 za Uswisi, kwa sababu ndiyo pekee inayojulikana kubaki na zote mbili mahali zilipobandikwa. Funzo hilo linahusu hata kadi ya bei ndogo kabisa, kwani muhuri hutaja mji na siku, stempu hutaja gharama, na mwandiko humtaja mtu. Kila aliyerithi kadi za namna hiyo na azihifadhi nzima, asibandue stempu, aandike pembeni majina ya waliotumiana na uhusiano wao, na akishindwa kuzitunza azikabidhi kwenye makumbusho au nyaraka za taifa.