Rupia za Mjerumani: jinsi ya kutambua sarafu halisi na hali yake kabla ya kununua

BUJUMBURA – Mfanyabiashara anayeingia Bujumbura na mzigo wa mchele, saruji au mafuta ya kula anaweza kuletewa bidhaa ambayo haikuwa kwenye mipango yake: sarafu za zamani za Mjerumani zilizofungwa kwenye kitambaa. Anayezileta husema ni za marehemu babu, kwamba kuna Mzungu anazitafuta, na kwamba bei ya leo haitakuwepo kesho. Msafirishaji naye anaweza kuombwa azipokee badala ya nauli ya mzigo, au azishike kama dhamana ya deni.

Baadhi ya sarafu hizo ni halisi na zina soko. Nyingi ni halisi lakini bei yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Nyingine ni za bandia. Kuzitofautisha hakuhitaji utaalamu mkubwa. Mizani ya sonara, rula yenye milimita, sumaku, lenzi ya kukuzia na kuijua miaka ya utengenezaji vinatosha kumwokoa mnunuzi katika hali nyingi.

KWA NINI ZINAPATIKANA HAPA

Bujumbura, wakati huo ikiitwa Usumbura, ilikuwa kituo cha kijeshi cha Wajerumani tangu miaka ya 1890. Fedha iliyotumika ilikuwa ile ile ya Dar es Salaam, Tabora na Ujiji. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa sarafu zake mwaka 1890: pesa za shaba nyekundu na rupia za fedha, rupia 1 ikiwa sawa na pesa 64. Baadaye serikali ya Ujerumani ilichukua kazi hiyo, na kuanzia mwaka 1904 rupia 1 ikawa sawa na heller 100. Neno "hela" tunalotumia hadi leo limetokana na heller hiyo.

Majeshi ya Ubelgiji yaliichukua Usumbura mwezi Juni 1916 na Tabora mwezi Septemba mwaka huo huo. Baada ya hapo faranga ikachukua nafasi ya rupia. Sarafu zilizobaki majumbani zilifukiwa, zilitobolewa zikawa mikufu, au ziliyeyushwa na masonara.

HATUA YA KWANZA: MIAKA NA HERUFI

Bandia nyingi hujulikana kabla ya kupimwa, kwa sababu mtengenezaji amechanganya mambo yasiyokutana. Mnunuzi azingatie haya:

1. Pesa za shaba ni za mwaka 1890, 1891 na 1892 tu. Upande mmoja una tai, na upande wa pili una maandishi ya Kiarabu pamoja na mwaka wa Hijria: 1307, 1308 au 1309.

2. Rupia za kampuni zina jina refu la DEUTSCH-OSTAFRIKANISCHE GESELLSCHAFT na ngao yenye simba. Hazina herufi ya kiwanda.

3. Rupia za serikali, kuanzia mwaka 1904 hadi 1914, zimeandikwa DEUTSCH OSTAFRIKA na zina herufi ndogo ya kiwanda: A kwa Berlin, J kwa Hamburg.

4. Sarafu ya rupia 2 ilitengenezwa mwaka 1893 na 1894 tu.

5. Herufi T ni ya Tabora, na huenda na mwaka 1916 peke yake.

Kwa hiyo rupia yenye jina la kampuni na mwaka 1910 ni ya bandia. Heller yenye mwaka 1895 ni ya bandia. Sarafu yenye herufi T na mwaka 1913 ni ya bandia. Hapo hakuna haja ya kuendelea na mazungumzo ya bei.

HATUA YA PILI: UZITO NA SUMAKU

Rupia 1 ya fedha ina gramu 11.66, sawa na rupia ya India ya wakati huo, na kipenyo cha milimita 30 na ushee. Rupia 2 ina gramu 23.32. Katika kila sehemu 1,000 za madini yake, 917 ni fedha halisi. Sarafu iliyotumika sana hupungua kidogo, lakini rupia yenye gramu 9 au 10 haikupungua kwa kutumika, bali ni madini mengine.

Fedha, shaba na dhahabu hazivutwi na sumaku. Hata heller 5 na heller 10 zenye tundu, ambazo ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, hazivutwi. Ikinasa, ni chuma. Isiponasa, bado haijathibitika, kwa kuwa risasi na shaba ya manjano nazo hazinasi.

Baada ya hapo itazamwe kwa lenzi. Sarafu halisi iligongwa kwa mashine, hivyo herufi zake ni kali na uwanda wake ni laini. Sarafu ya bandia mara nyingi humiminwa kwenye kalibu. Huwa na vitundu vidogo vya hewa, herufi zilizovimba kama mkate uliolowa, na mstari mwembamba unaozunguka ukingo pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Ukingo wa rupia ya fedha una vijimeno vilivyosimama sawasawa. Wengi hutazama sura ya Kaiser na kusahau ukingo, na hapo ndipo hutapeliwa.

DHAHABU YA TABORA

Sarafu inayotajwa kuliko zote ni ya rupia 15 ya mwaka 1916. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia koloni lilikatiwa njia ya bahari na sarafu zikapungua. Wajerumani wakatumia dhahabu ya mgodi wa Sekenke na kugonga sarafu katika karakana ya reli ya Tabora. Upande mmoja una tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, na upande wa pili una tai. Zilitengenezwa takriban 16,000.

Uzito wake halali ni gramu 7.168, na robo tatu yake ni dhahabu. Ina maana kila moja ina gramu 5.37 hivi za dhahabu safi. Mnunuzi akizidisha kiasi hicho kwa bei ya gramu siku hiyo anapata thamani ya madini yake. Wakusanyaji hulipa zaidi ya hapo kwa sarafu halisi. Kwa hiyo muuzaji anayeitoa kwa bei iliyo chini ya dhahabu iliyomo, huku akiapa kwamba ni halisi, anapaswa kutiliwa shaka badala ya kushangiliwa.

Shaba ya manjano iliyopakwa dhahabu, ikiwa na upana na unene ule ule, itakuwa na gramu 4 hivi. Mizani humaliza ubishi huo kwa dakika moja. Ikiwa uzito uko sawa lakini sarafu ni nene au pana kupita kiasi, tatizo ni lile lile.

Tahadhari moja kuhusu Tabora: heller 5 na heller 20 za mwaka 1916 ziligongwa kwa haraka na kwa vifaa duni. Nyingi zina herufi hafifu, na uzito wa heller 20 hutofautiana kati ya moja na nyingine. Kwa hizo, picha hafifu peke yake haithibitishi ubandia. Inafaa kuzilinganisha na picha za sarafu zinazojulikana kuwa halisi.

HALI YA SARAFU NDIYO BEI

Makosa makubwa ya soko letu ni kuamini kwamba umri ndio thamani. Sarafu mbili za mwaka mmoja na kiwanda kimoja zinaweza kupishana bei mara nyingi sana kwa sababu ya hali tu. Rupia ya kawaida iliyochakaa mara nyingi haizidi sana thamani ya fedha iliyomo, ambayo ni gramu 10.7 hivi. Pesa za shaba zilizochakaa ziko nyingi na bei yake ni ndogo.

Mambo yanayotazamwa ni haya:

Kuchakaa. Sehemu zilizoinuka huisha kwanza: shavu na masharubu ya Kaiser, na tai aliye juu ya kofia yake ya chuma. Kwa sarafu ya dhahabu ni sikio na kichwa cha tembo. Kama manyoya ya tai yanahesabika, sarafu haikutumika sana.

Kusafishwa. Hapa ndipo wauzaji wengi hujiharibia wenyewe. Sarafu husuguliwa kwa jivu, ndimu, dawa ya meno au steelwool ili ing'ae. Inang'aa kweli, lakini chini ya lenzi huonekana mikwaruzo midogo inayoelekea upande mmoja, na mkusanyaji hupunguza bei papo hapo. Fedha iliyoingia weusi na shaba iliyoiva rangi ya kahawia ziachwe zilivyo. Aliyenunua asisafishe.

Tundu na mchomeleo. Heller 5 na 10 za nikeli zilitoka kiwandani na tundu katikati, ukingo wake umenyooka. Tundu lililo pembeni ya rupia ni la mkufu. Wengine huliziba kwa risasi na kupaka rangi, hivyo rangi tofauti karibu na ukingo itazamwe pande zote mbili. Sarafu ya namna hiyo inunuliwe kwa uzito wa madini yake tu.

NOTI ZA ZAMANI

Noti zina kanuni zake. Noti za vita za Kijerumani za mwaka 1915 hadi 1917 zilichapwa kwa karatasi za aina mbalimbali kadiri zilivyopatikana, hivyo karatasi duni si ushahidi wa ubandia.

Kwa Burundi yenyewe, noti zinazotafutwa ni zile za mpito. Benki ya pamoja ya Rwanda na Burundi ilivunjwa mwaka 1964, na noti zake zikagongwa neno BURUNDI juu yake. Baada ya ufalme kuondolewa Novemba 1966, noti za Ufalme nazo zikagongwa maneno ya Jamhuri. Kwa kuwa neno hilo moja hupandisha bei, ndilo linaloghushiwa juu ya noti halisi. Dalili yake iko kwenye mikunjo. Noti iligongwa ikiwa mpya, hivyo wino unapaswa kuwa umechakaa pamoja na mikunjo. Wino unaopita juu ya mkunjo uliochanika bila kukatika umewekwa juzi.

Pia, noti kuondolewa kwenye mzunguko hakuifanyi kuwa adimu. Noti za faranga 5,000 na 10,000 za toleo la 2018, ambazo Benki ya Jamhuri ya Burundi iliziondoa Juni 2023, zilichapwa kwa wingi.

KUVUKA MPAKA

Sarafu za ukusanyaji ni bidhaa kama bidhaa nyingine. Katika orodha ya kimataifa ya forodha ziko chini ya namba 97.05, na tangu mabadiliko ya mwaka 2022 zile zenye umri wa zaidi ya miaka 100 zina kifungu chake, 9705.31. Anayepita Kobero, Mugina, Gatumba au bandari ya Bujumbura kuelekea Kigoma amuulize wakala wa forodha mapema kuhusu tamko na ushuru. Upande wa Tanzania, kuna pia Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na ni vizuri kuuliza kabla ya kutoa vitu vya kale nchini.

Dereva asikubali kubeba kifurushi cha sarafu bila barua yenye idadi, uzito na jina la mwenye mali. Kikikamatwa ndani ya kabini, wa kwanza kuulizwa ni yeye. Na sarafu ya dhahabu isiyeyushwe kwa ajili ya kurahisisha safari. Ikishakuwa kipande, si sarafu ya kihistoria tena, ni dhahabu isiyo na karatasi.

HADITHI ZISINUNULIWE

Rupia inayodaiwa kuvuta pesa, kuwa na zebaki ndani au kutafutwa na kampuni kwa mamilioni ya dola haipo. Sarafu hizi ziligongwa kutoka bamba moja la madini, ndani hakuna nafasi ya kuficha kitu. Utapeli huu hufanana kila mahali: mmoja analeta sarafu, mwingine anajitokeza kama mnunuzi tajiri, na wa tatu anadai ada ya "kipimo". Fedha inayopotea ni ya mtaji, mara nyingine ni ya mzigo wa mtu mwingine.

Muuzaji mwenye sarafu halisi hatakataa ipimwe mbele yake, ipigwe picha pande zote mbili na ukingo, na isubiri siku mbili. Anayekataa mizani amekwisha kujibu swali. Bei ianze na madini yaliyomo, ipande kwa hali ya sarafu na uadimu wa mwaka na kiwanda chake, na isipande hata faranga moja kwa ajili ya maneno.