Trela Ikizibwa Upepo, Breki Zimebaki Ngapi?

Juzi baada ya isha nilipigiwa simu na mwana wa kakangu, dereva wa trela za kontena. Alikuwa amekwama Mazeras, busta moja ya trela yavuja. "Ami, fundi wa hapa asema aizibe tu nende zangu. Mzigo wangojewa Malaba."

Kabla ya kuandika safu hii nilikuwa fundi wa magari, na diploma niliyonayo ni ya kazi hiyo. Maneno yale nayajua. Kuziba ni hivi: mpira wa upepo unaoingia kwenye busta hukunjwa ukafungwa au ukatiwa bolti, springi ya handbreki ikakazwa isishike tena, na gari likaondoka. Halivuji, geji imepanda, kila mtu ameridhika. Lakini gurudumu lile halina breki kabisa.

Nikamwambia achukue tochi ahesabu ngapi zimezibwa tayari. Akarudi sauti imepungua. "Mbili, Ami. Yangu ni ya tatu." Trela ya ekseli tatu ina busta sita. Angeondoka na nusu ya breki za trela, tani zote zile nyuma yake. Breki zinazobaki hufanya kazi ya zile zilizozibwa, dramu zikachemka, na laining ikishachemka sana haishiki hata ukanyage vipi. Hapo ndipo mteremko wowote unapokuwa balaa.

Nikamwambia alale hapo hapo. Tajiri wake alikasirika, nami sikumlaumu kijana.

Baada ya alfajiri nilipanda matatu nikamfuata. Kwanza, kuegesha mahali pa tambarare na mawe mazito mbele na nyuma ya magurudumu, maana ukishakaza springi hiyo trela haina cha kuizuia. Busta ya handbreki ina vyumba viwili. Cha mbele kina mpira wa ndani, na huo ndio hupasuka mara nyingi. Bei yake si kubwa. Cha nyuma kina springi iliyobanwa kwa nguvu ya kuua mtu. Wallahi sisemi kwa kutisha: ukanda wa chuma wa chumba hicho cha nyuma haufunguliwi na fundi yeyote. Kikiharibika, hutupwa busta nzima. Hata unapobadilisha mpira wa mbele, springi ikazwe kwanza kwa bolti yake ndefu, kisha upepo utolewe wote, ndipo ufungue.

Tulibadilisha zote tatu. Ukimaliza, jaza upepo mpaka psi 100 na zaidi, paka povu la sabuni kwenye maungio, zima injini, mtu akanyage breki utazame geji. Ikishuka zaidi ya psi 4 kwa dakika moja, bado pana tundu. Halafu chomoa mpira mwekundu unaotoka kichwani: trela lazima ijishike yenyewe. Isipojishika, usiondoke.

Tizama na slaki, ule mkono unaosukumwa na fimbo ya busta. Breki zikiwa zimeachiwa, uvute kwa mkono kwa nguvu. Ukicheza zaidi ya inchi moja hivi, unahitaji kurekebishwa, au laining zimekwisha. Na sisi wa Pwani tuna adui mwengine, unyevu. Maji hujikusanya kwenye matangi ya upepo yakala valvu kwa kutu. Fungua vikoki vya chini vya tangi kila siku. Ni kazi ya dakika chache, na wengi hawaifanyi.

Njiani, dereva akisimama apitishe mgongo wa mkono karibu na kila dramu bila kugusa. Moja ikiwa moto kuliko wenzake, breki yake haiachii, na moto wa namna hiyo ndio huwasha matairi. Moja ikiwa baridi kati ya zilizo moto, hiyo haishiki. Kipimo hiki hakina gharama, na kingemwonyesha zile mbili tangu safari ya kwanza.

Matairi yalikuwa na hadithi yao. Upande mmja wa nyuma palifungwa tairi jipya pacha na lililochakaa. Lile refu hubeba mzigo wote, fupi likaburutwa, na yote mawili hayadumu. Pacha ziwe za kimo kimoja. Umri usome ubavuni: tarakimu nne za mwisho, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokwenda mwendo bila upepo wa kutosha lisijazwe hivi hivi; livuliwe, litazamwe ndani. Na anayejaza asimame kando, asilikabili, hasa rimu zikiwa zile za ringi.

Tulivua pacha ile tukafunga mbili za kimo sawa. Nati hukazwa kwa kuvukana, si kwa kuzunguka, na zikazwe tena baada ya kilomita 80 hadi 160, kwa sababu rimu ikishakaa sawasawa nati hulegea. Kwa anayetoka Mombasa hapo ni Maungu, au Voi akichelewa. Michirizi ya kutu kwenye nati pia ni dalili kwamba imelegea.

Aliondoka adhuhuri. Jioni akanipigia kutoka Maungu: amezikaza zote, na mbili zilikuwa zimelegea.