Gitaa la Khuwair: Asili ya Bendi ya Vijana Wetu



Kamati ya ukoo imenitaka niandike kurasa chache za historia kwa ajili ya kijitabu hiki cha mkutano wetu. Katika vijitabu vilivyotangulia tumesoma habari za nasaba na za safari za wazee. Safari hii nimeona niandike juu ya jambo lililoleta maneno baina yetu, nalo ni bendi ya vijana wetu wa Khuwair ya Kusini na ombi lao la kupiga muziki usiku wa mwisho wa mkutano. Wazee wetu wawili wameiandikia kamati kulipinga ombi hilo. Wanasema kwamba roki si muziki wetu, na kwamba vijana hao hawana hata wimbo mmoja walioutunga, bali huiga nyimbo za Wazungu. Wako pia wanaoona kuwa ala zenyewe hazifai. Suala hilo la dini lina wanazuoni wake, nami sitii mkono. Nitaijibu hoja ile ya kwanza tu, kwa kuwa ni hoja ya historia.

Kwanza tuwajue hao wanaosemwa. Bendi ina watu wanne. Mpiga gitaa ni mjukuu wa marehemu shangazi yetu wa Vuga, naye ni mhandisi. Gitaa la besi hupigwa na mdogo wake. Mwimbaji ni binti wa upande wetu wa Mombasa, aliyezaliwa hapa Maskati na sasa yuko chuo kikuu. Mpiga ngoma si wa damu yetu. Ni mtoto wa jirani, wa familia ya Kigoa iliyotoka Bombay, lakini amekulia mlangoni mwetu hata humwita mke wangu bibi. Hufanya mazoezi katika chumba cha juu, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mablanketi, na adhana ikisikika huzima kila kitu. Hupiga nyimbo za Queen, za Eagles na za Dire Straits. Majina yao siyataji, kwa kuwa wenyewe wamependelea hivyo.

Sasa tuitazame asili. Tunapotaka kutaja muziki ulio wetu hasa, sote hutaja taarab. Basi na tukumbuke taarab ilikujaje. Inasimuliwa kwamba Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alimpeleka Misri kijana aitwaye Mohamed Ibrahim ili ajifunze kupiga kanuni, na aliporudi akawafundisha wengine muziki wa kuburudisha kasri. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaunda chama chao, Ikhwani Safaa, wakachukua jina la wanafalsafa wa Basra wa zamani, wakaagiza ala kutoka Misri. Hapo mwanzo waliimba kwa Kiarabu, wakifuata walivyosikia kutoka Cairo. Kwa maneno mengine, hao ambao leo tunawaita walinzi wa urithi wetu walianza kama wanavyoanza vijana wa Khuwair: kwa ala za kuagiza na nyimbo za watu.

Kilichoigeuza taarab ikawa yetu ni lugha. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba yapata mwaka 1880 katika nyumba ya watu maskini, alikuja mjini akiuza vyungu, akaingia katika uimbaji, na udi na fidla zilizokuwa zikifuatana na Kiarabu cha wakubwa akazifuatanisha na Kiswahili cha watu wote. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, na sahani zake zikasikika pwani nzima. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, heshima ambayo wafalme wengi hawakuipata kwake. Tangu siku za Barghash hadi sahani za Siti ilipita nusu karne na zaidi. Muziki wa kigeni haukuwa wetu kwa siku moja, wala haukuwa wetu kwa kukaa tu nyumbani mwetu. Ulikuwa wetu tulipoutia maneno yetu.

Taarab si mfano wa peke yake. Kuanzia mwisho wa karne ya 19, watu wa Lamu, Mombasa, Tanga na Unguja waliziona bendi za kijeshi za Wazungu, wakazipenda, wakaunda ngoma ya beni. Jina lenyewe ni neno la Kiingereza lililotiwa irabu. Walivaa sare, wakapeana vyeo, wakagawanyika katika vyama vya kushindana, na katika bara la Tanganyika majina ya Marini na Arinoti yakawa maarufu. Aliyetazama kwa mbali angedhani ni watu wanaowaiga mabwana zao. Aliyesogea karibu alisikia nyimbo za Kiswahili, zenye mafumbo na vijembe, na nyingine zikiwasema mabwana hao hao.

Mombasa nayo ina ushahidi wake. Marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alizichukua tuni za filamu za Kihindi na kuziimbia mashairi ya Kiswahili, mengi yakiwa ya mshairi mashuhuri Ahmad Nassir Juma Bhalo. Mama zetu waliokuwa wakilia kwa nyimbo hizo harusini walijua fika kwamba tuni zimetoka sinema. Hawakujali, kwa sababu maneno yalikuwa yao. Vijana wengine wa Mombasa waliunda bendi ya Them Mushrooms mwaka 1972. Wimbo wao wa "Jambo Bwana", uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison, ulitoka mwaka 1982, na mwaka uliofuata Boney M. wa Ujerumani wakauimba kwa namna yao. Hapo ikawa zamu ya Wazungu kutuiga sisi.

Nije sasa kwenye roki yenyewe. Wazee wanaosema haituhusu wamemsahau mtoto mmoja wa Mji Mkongwe. Tarehe 5 Septemba 1946 alizaliwa Unguja Farrokh Bulsara, mwana wa Kiparsi, ambaye baba yake alikuwa mtunza fedha wa mahakama katika serikali ya kikoloni. Akiwa na umri wa miaka minane hivi alipelekwa shule ya bweni ya St. Peter's, huko Panchgani, India. Yeye na wanafunzi wenzake wanne wakaunda bendi waliyoiita The Hectics. Bruce Murray aliimba, Derrick Branche alipiga gitaa, Farang Irani alipiga besi iliyotengenezwa kwa sanduku la chai, Victory Rana alikuwa kwenye ngoma, na Farrokh alikuwa kwenye piano. Walipiga nyimbo za watu: za Elvis Presley, Cliff Richard, Little Richard na Fats Domino. Hadhira yao ilikuwa wanafunzi wenzao na wasichana wa shule ya jirani.

Farrokh alirudi Unguja mwaka 1963. Mapinduzi ya Januari 1964 yalipotokea, familia yake, kama familia nyingi za ukoo wetu, ilifunga mizigo. Wao walikwenda Uingereza. Mwaka 1970 akawa mwimbaji wa Queen, na ulimwengu ukamjua kwa jina la Freddie Mercury, hadi alipofariki tarehe 24 Novemba 1991. Sisemi kwamba kila anayeshika gitaa Khuwair atafika Wembley. Ninachosema ni kwamba nyimbo za Queen wanazopiga vijana wetu zilitoka katika kinywa cha mtu aliyezaliwa mwendo mfupi kutoka nyumba ya shangazi yetu wa Vuga, na kwamba mtu huyo naye alianza kwa kupiga nyimbo za wengine.

Na hapa Omani je? Mimi nilifika Maskati mwaka 1982, nikiwa mtu mzima, nikitanguliwa na ndugu waliokwisha kuitikia wito wa marehemu Sultan Qaboos wa mwaka 1970 kwamba Waomani walioko nje warudi. Katika maofisi ya Khuwair, nilikotumikia hadi kustaafu, Kiswahili kilisikika kwenye ngazi na vyumba vya chai kila asubuhi. Mwaka 1985 Sultan Qaboos aliunda Okestra ya Simfoni ya Kifalme, akawatia vijana wa Kiomani fidla na zumari za Kizungu mikononi, na mwaka 1987 wakatoa onyesho lao la kwanza. Mwaka 2011 nyumba ya opera ikafunguliwa hapa Maskati. Nchi iliyofanya hayo haikuona kwamba mtoto akijifunza ala ya kigeni amepoteza Uomani wake. Na kabla ya hayo yote alikuwapo Salim Rashid Suri, baharia wa Sur aliyefariki mwaka 1979, ambaye aliimba kwa Kiarabu na kwa Kiurdu na kurekodi Bombay. Bahari imetufundisha kuchukua na kutoa.

Lakini Omani ina mfano mwingine, na huu ndio unaoninyima usingizi. Nendeni mkatazame ngoma ya lewa inapochezwa hapa Omani. Ngoma ile ilitoka upande wetu wa bahari, ina zumari, na nyimbo zake zina maneno ya Kiswahili. Wengi wanaoziimba leo hawajui maana yake. Sauti imebaki, mdundo umebaki, maana imeondoka. Hayo yalitokea bila gitaa lolote kuingia kati.

Kwa hiyo nakubaliana na wazee wetu kwamba kuna jambo la kuogopwa, ila sioni kuwa ni roki. Mwimbaji wetu anafahamu kila neno analoambiwa na bibi yake kwa Kiswahili, naye humjibu kwa Kiingereza. Mpiga gitaa anajua Kiswahili cha jikoni na cha salamu, basi. Wadogo zao hata hicho hawana. Tukiizuia bendi isipige, hakuna hata mmoja wao atakayerudi nyumbani akiijua lugha zaidi. Watajua tu kwamba mkutano wa ukoo si mahali pao, na mwaka mwingine hawatakuja.

Naiomba kamati, na kupitia kwayo nawaomba ninyi nyote, mambo matatu. La kwanza, bendi iruhusiwe kupiga usiku wa mwisho, baada ya Isha na baada ya chakula, ili asiyependa apate nafasi ya kuondoka bila kuvunjiwa heshima. La pili, kila tawi la ukoo liandike wimbo mmoja wa zamani, wa harusi, wa kubembeleza mtoto au wa taarab, pamoja na maana ya maneno yake, na wautume kwa katibu kabla ya mkutano. Bibi na shangazi zetu wanazo nyimbo ambazo hazijawahi kuandikwa, na wengi wao umri umekwenda. La tatu, vijana wachague angalau mmoja katika hizo, waupige kwa magitaa yao wanavyojua wao, na mwimbaji auimbe kwa Kiswahili akiwa ameelewa anachokiimba. Nimekwisha zungumza nao. Mpiga ngoma wa Kigoa ndiye aliyekuwa wa kwanza kukubali.

Wazee wawili walioandika barua nawaheshimu, nao wanajua hivyo. Nawaomba wakae safu ya mbele usiku huo, wausikilize wimbo huo mmoja, na matamshi yakiwa mabaya wayasahihishe pale pale, kama walivyotusahihisha sisi tulipokuwa wadogo.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, awape afya walio wagonjwa, na atukutanishe salama. Amin.