Kopo la kunasa oili katika injini yenye supachaja

BARABARA itokayo Embu kuelekea Meru ni mtihani kwa injini yoyote ile. Baada ya Runyenjes hushuka katika bonde la mto Thuci, ikapanda hadi Chuka, ikateremka tena kwa ukali hadi daraja la Nithi, kisha ikapanda kuelekea Nkubu. Kwa magari yenye supachaja au tabo, milima na mabonde hayo ndiyo huanzisha tatizo ambalo wenye magari wengi hawalitambui hadi moshi wa buluu utokee nyuma: injini kunywa oili yake yenyewe.

Supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda wa injini, ilhali tabo huzungushwa na moshi unaotoka. Zote hushindilia hewa nyingi ndani ya silinda ili mafuta mengi zaidi yaungue. Miongoni mwa magari ya aina hii yanayoonekana nchini ni Mercedes-Benz C200 Kompressor kwa upande wa supachaja, na Subaru Impreza WRX na Forester kwa upande wa tabo. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka minane, na injini za Kompressor zilikoma kuundwa zamani, zilizosalia barabarani zimekwisha kuzeeka.

Hakuna ringi ya pistoni inayoziba kabisa. Kila mlipuko unapotokea, gesi kidogo hupenya kando ya pistoni na kuingia katika chumba cha krenki, ambako huchanganyika na ukungu wa oili na mvuke wa maji. Zamani gesi hizo zilitolewa nje kwa bomba lililoelekezwa chini ya gari. Jimbo la California nchini Marekani lilianza kuzuia uchafuzi huo kwa magari ya mwaka 1961, na tangu wakati huo watengenezaji huzirudisha gesi hizo kwenye njia ya hewa ili ziungue upya. Ni utaratibu mzuri, lakini ukungu wa oili nao huandamana na gesi.

Gari linapopanda mlima kutoka Nithi, shinikizo ndani ya silinda huwa kubwa na gesi zinazopenya huongezeka. Wakati huo manifoldi ya kuingizia hewa huwa na shinikizo pia, hivyo valvu ya kupumulia hufunga na gesi hupitia bomba la pili, lile linalofika mbele ya supachaja. Gari linapoteremka kwa gia ndogo, dereva akiwa ameondoa mguu kwenye kanyagio, mambo hugeuka: manifoldi huvuta kwa nguvu na kufyonza oili kupitia valvu hiyo. Dereva asije akadhani kwamba dawa ni kutia gari nyutro. Katika mteremko huo huo wa Nithi, Julai 2022, basi lilitumbukia bondeni na watu zaidi ya 30 wakaangamia. Heri oili ipotee kuliko breki.

Oili hiyo hupaka utando ndani ya kipoza hewa, nacho kikashindwa kupoza ipasavyo. Huacha masizi kwenye valvu. Mbaya zaidi, oili ikiungua pamoja na petroli huifanya injini igonge, na kugonga kukikithiri chini ya shinikizo la supachaja, pistoni hupasuka. Katika injini ya dizeli yenye tabo, oili nyingi ikivutwa yaweza kugeuka mafuta, injini ikazidi kukimbia hata ufunguo ukizimwa.

Hapo ndipo kopo la kunasa oili linapohitajika. Ni chombo kinachowekwa katikati ya bomba la kupumulia. Gesi huingia, hugonga vizuizi vya ndani, oili hudondoka chini, nayo gesi iliyosafika huendelea na safari. Kopo tupu lisilo na vizuizi ni pambo tu, kwa kuwa ukungu hupita moja kwa moja. Mafundi wa jua kali wanaweza kuunda kopo zuri, mradi wasijaze sufi ya chuma ya kusugulia sufuria: nyuzi zake hukatika na kuvutwa ndani ya injini. Wavu wa chuma kisichoshika kutu, uliofungwa imara, ndio ufaao.

Kabla ya kulipia kopo, mwenye gari apime injini. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma polepole. Pumzi ikitoka kwa kishindo, au kijiti cha kupimia oili kikisukumwa nje, huenda ringi zimekwisha. Fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Kopo halitengenezi ringi. Fundi anayelifunga kwenye injini iliyochoka ili moshi usionekane siku ya kuuza gari ni mdanganyifu.

Kazi yenyewe hufanywa injini ikiwa baridi. Kopo lifungwe kwenye bodi ya gari, mbali na bomba la moshi, mahali ambapo mkono utafika kulimwaga. Mpira uwe wa kuhimili oili. Ule wa maji ya rejeta huvimba na kulainika ukikutana na oili. Usiwe mwembamba kuliko wa awali, wala usipinde chini mahali oili itakapotuama. Kwenye tawi liendalo kwa manifoldi, weka valvu ya njia moja kati ya kopo na manifoldi ili shinikizo lisirudi kinyume. Njia ya kupumua ikizibwa au kubanwa, shinikizo hutafuta pengine pa kutokea, aghalabu kwenye sili ya nyuma ya krenki, na kuibadilisha ni lazima gia boksi ishushwe.

Wapo wanaopenda kuachia kopo lipumue nje kupitia kichungi kidogo. Katika mashindano ya magari jambo hilo lina kanuni zake: Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, hudai kopo la lita 2 kwa injini isiyozidi sentimita za ujazo 2,000, na lita 3 kwa iliyo kubwa zaidi. Kwenye gari la kila siku, harufu huingia ndani, na lenye kihisi cha kupima hewa huweza kupoteza hesabu likawasha taa ya injini.

Asubuhi za Juni na Julai huko Timau na Meru, anayeendesha safari fupi atakuta ute mweupe kama uji ndani ya kopo. Aghalabu ni maji yaliyoganda kutoka kwenye mvuke na kuchanganyika na oili, si lazima gasketi ya kichwa iwe imeungua. Lakini maji ya rejeta yakipungua pia, chunguza. Mwanzoni likague kopo kila wiki, kisha kila unapobadilisha oili. Uchafu huo haurudishwi kwenye injini, wala haumwagwi kwenye mtaro uelekeao Rupingazi au Kathita. Utie kwenye mtungi wenye kifuniko na uupeleke gereji inayokusanya oili chafu.