Tuo la Hadhari

Katika karatasi ya mafunzo iliyoandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya vijana wanaojifunza kupiga mbizi kwa mitungi ya hewa katika pwani ya kaskazini ya Unguja, ambayo mkuu wa chuo kimoja cha kazi hiyo alinipa niipitie kabla haijapigwa chapa, nimekuta kule kusimama kwa dakika 3 katika kina cha mita 5, ambako kila mpiga mbizi mwenye akili hukufanya kabla ya kutokeza juu ya maji, kumeitwa "kituo cha usalama". Na nilipomwuliza bwana yule amelitoa wapi jina hilo, alinijibu kwa adabu kwamba si lake, limo katika orodha ya istilahi iliyotungwa na kamati, naye haoni vyema kushindana na kamati. Mimi naona ni vyema, tena ni wajibu, kwa sababu chuo kile ni miongoni mwa vichache nivijuavyo ambavyo uhai wa mwanafunzi umetangulizwa mbele ya fedha yake: mwalimu hachukui kundi kubwa, fomu ya afya husomwa kabla mtu hajavaa chochote, oksijeni haikosekani chomboni, na mgeni ambaye ndege yake inaruka kesho alfajiri huambiwa abaki ufukweni ijapokuwa amekwisha kulipa. Chuo cha namna hiyo kimestahili lugha iliyopimwa kama mitungi yake inavyopimwa.

Neno kituo si baya kwa asili yake, wala sina ugomvi na wazee waliotuachia. Ila katika masikio ya leo limekwisha kuwa jina la mahali. Tuna kituo cha polisi, kituo cha afya, kituo cha mabasi, kituo cha kupigia kura, na vyote hivyo ni mahali palipojengwa, penye paa au angalau penye nguzo na kibao, ambapo mtu hufika akapakuta papo, na ambapo pangekuwapo hata kama yeye asingekuja. Baharini hakuna mahali pa namna hiyo. Penye boya lililofungwa kamba, mwanafunzi aweza kuishika kamba. Lakini Pemba, ambako wapiga mbizi huchukuliwa na mkondo kando ya kuta za matumbawe huku chombo kikiwafuata kwa juu, mtu husimama katikati ya maji matupu, chini hapaoni na juu hajapafikia, wala hana cha kumjulisha kwamba amefika ila kipimo cha kina alichokifunga mkononi. Mtu huyo akiambiwa kwamba yumo kituoni amepewa sura ya kitu kisichokuwapo, ilhali anachokihitaji ni jina la tendo, kwa kuwa hakuna kitakachomsimamisha pale isipokuwa yeye mwenyewe, kwa pumzi yake na kwa hewa anayoitia au kuitoa katika koti lake la kuelea.

Kisha kamati ikaongeza "cha usalama", na hapo kosa la kwanza likazaa la pili. Salama, salamu, usalama na usalimini vyote vimetoka katika shina moja la Kiarabu lenye maana ya uzima usiopungua na amani isiyo na ila. Nalo ni neno tukufu, ila lataja hali anayojaaliwa mtu, halitaji kazi anayoifanya. Hakuna mwalimu awezaye kumwekea mwanafunzi usalama katika mita 5 kama mtu awekavyo mtungi wa maji mezani. Awezalo kumfundisha ni hadhari, ambayo ni kitendo cha moyo na cha kiungo pamoja, na ambayo lugha yetu imeipokea kwa mikono miwili pamoja na ndugu yake tahadhari, hata ikaizalia jihadhari na hadharisha. Wahenga waliposema tahadhari kabla ya hatari, waliiweka tahadhari mahali pake hasa, mbele, palipo na nafasi ya mtu kutenda. Sitaji ya kwamba usalama, katika matumizi ya serikali, limekwisha kushikamana na askari na siri za dola, na kwamba mtu wa kawaida asomaye "kituo cha usalama" hatafikiri bahari hata kidogo.

Basi neno langu ni tuo, na lizidishiwapo sifa yake ni tuo la hadhari. Tuo latokana na kutua, kitenzi cha Kibantu halisi ambacho maana yake ya awali, kwa kadiri ninavyoielewa, si kusimama wala si kushuka, bali ni kuweka chini kilichochukuliwa. Mzigo hutwikwa ukatuliwa. Tanga hutwekwa likatuliwa. Na jozi hizi mbili, twika na tua, tweka na tua, zinaonyesha dhahiri kwamba kutua ni kinyume cha kupakia na kupandisha, yaani ni kuondoa uzito uliokuwa juu ya kitu. Kutoka hapo maana ikasafiri. Ndege hutua tawini kwa kuwa ameuweka uzito wake, hata kama tawi liko juu ya pale alipotoka. Msafara hutua kwa kuwa wachukuzi wamekwisha kupumzisha vichwa. Na mtu aliyetua moyo ndiye tuliyemwita mtulivu, maana tulia, tuliza, utulivu na kitulizo vyote ni watoto wa nyumba hiyo moja. Washairi nao waliuita mstari wa mwisho wa ubeti kituo, wakikusudia pahali ambapo sauti huweka chini maana iliyokuwa imeibeba tangu mwanzo wa ubeti, na mstari urudiao wakauita kibwagizo, kutokana na kubwaga. Na hapa naomba msomaji anifuate kwa makini, kwani kubwaga nako ni kuondoa mzigo, ila ni kuutupa kwa mara moja ukaanguka kwa kishindo, hali kutua ni kuushusha kwa utaratibu.

Sasa na tutazame kinachotendeka ndani ya mwili. Hewa tuvutayo ni naitrojeni kwa kadiri ya sehemu nne katika tano, na kila mita 10 za maji ya bahari huongeza shinikizo kwa kadiri ya anga moja nzima (sitaingia katika vita vya shinikizo na kanieneo, ambavyo vina majemadari wake), hata anayepumua katika mita 30 hupumua hewa yenye shinikizo mara nne ya ile ya juu, na naitrojeni hiyo huingia katika damu na mafuta na mishipa ya fahamu ikakaa humo. Huo ni mzigo. Mpiga mbizi ametwikwa pasipo kuhisi, na akipanda atalazimika kuurudisha. Akipanda kwa haraka mzigo hububujika ndani yake kuwa mapovu, naye amebwaga. Akipanda kwa taratibu, tena akasimama, gesi hutoka kwa njia ya mapafu pumzi kwa pumzi, naye ametua. Paul Bert wa Ufaransa ndiye aliyebainisha katika kitabu chake cha 1878 kwamba mapovu hayo ya naitrojeni ndiyo yaliyokuwa yakiwapoozesha na kuwaua watu waliofanya kazi katika hewa iliyoshindiliwa, wakiwamo wachimbaji wa misingi ya madaraja. Na maradhi hayo ndiyo yaliyomdhoofisha Washington Roebling, mhandisi mkuu wa daraja la Brooklyn, mwaka 1872. Miaka 30 baada ya Bert, yaani 1908, John Scott Haldane wa Uingereza na wenzake Boycott na Damant walitoa majedwali ya kupanda kwa hatua, baada ya majaribio mengi juu ya mbuzi, wakamfundisha mpiga mbizi asimame katika kina fulani kwa muda fulani, kisha apande tena, kisha asimame. Mchukuzi wa zamani aliyefika Bagamoyo na pembe begani angaliielewa kanuni ya Haldane kabla haijamalizwa kusomwa, kwa sababu ni kanuni ya matuo.

Kwa hiyo tuo si jina la kupamba. Ndani ya silabi mbili mna kusimama, mna utulivu, na mna kuuweka chini mzigo, mambo matatu ambayo mwanafunzi hutakiwa kuyafanya kwa wakati mmoja. Niambiwe ni lugha gani nyingine iliyolipata neno la namna hii pasipo kulitafuta.

Hoja zilizoletwa dhidi yake nazijua, na moja katika hizo ina uzito. Yuko msomi wa mjini anayedai kwamba kutua ni kushuka, kwamba jua likitua huzama, na kwamba mwanafunzi akiambiwa atue huenda akarudi chini. Ingekuwa sahihi kama tungemwamuru kwa kitenzi. Lakini sikupendekeza kitenzi, nimependekeza jina, na mwalimu atasema "weka tuo" wala hatasema "tua". Tena chini ya maji hakuna anayesema lolote, kwani huko ni ishara za mikono tu: kiganja kilicholazwa juu ya vidole vitatu kwa tuo, na dole gumba kuelekea juu kwa kupanda. Neno hutamkwa chomboni kabla ya kuingia majini, na kazi yake ni kukaa kichwani kabla ya haja kufika. Mwingine alipenda waqfu, kwa hoja kwamba wasomaji wa Kurani huijua alama ya kusimama na huiheshimu. Ningalimwunga mkono laiti wakfu isingalikuwa imekwisha kutwaliwa na mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu. Wa tatu alileta "kisimamo salama", ambacho sikijadili.

Lakini iko sababu kubwa zaidi ya kutaka neno lenye mizizi, nayo ni kwamba lugha tuliyoirithi kuhusu mbizi ni lugha ya watu waliozuia pumzi. Katika Ghuba ya Uajemi, ambako lulu ilitafutwa kwa karne nyingi mpaka lulu za kupandwa za Wajapani zilipoivunja biashara hiyo katika miaka ya 1930, mpiga mbizi alishuka na jiwe mguuni na kamba, na juu ya jahazi alikaa mwenzake, aliyeitwa saib, ambaye kazi yake ilikuwa kumvuta kwa upesi mara tu kamba ikitikiswa. Na miongoni mwa wazamaji na wavutaji hao walikuwamo wengi waliochukuliwa utumwani kutoka pwani hii na bara yake. Kwa watu wale upesi ulikuwa ndio uhai, kwa sababu hewa waliyokuwa nayo ilikuwa ya kifua kimoja tu. Ndiyo maana Kiswahili kina kuibuka, neno zuri lenye sauti ya kichwa kinachopasua maji kwa ghafula, na hakina neno la kurejea juu polepole. Tangu Cousteau na Gagnan walipotengeneza kifaa chao cha kupumulia huko Ufaransa mwaka 1943, watu wengi wakaweza kuvuta pumzi chini kwa mtungi, sifa ile ya kale imegeuka kuwa hatari: anayeibuka hujiletea mapovu, na aliyezuia pumzi akipanda hupasua mapafu, kwani hewa iliyojaa kifua katika mita 10 huwa maradufu ifikapo juu. Walimu wengi leo hushauri mtu asipande zaidi ya mita 9 kwa dakika, hali zamani waliruhusu 18. Nashauri kuibuka kuondolewe katika karatasi zote za mafunzo, na mahali pake pawekwe kupanda. Na mzamiaji nalo liachwe, maana bandari zimekwisha kuwapa jina hilo wanaojificha katika tumbo la meli.

Limebaki swali la daraja. Kusimama kwa mita 5 baada ya mbizi ya kawaida hakulazimishwi na majedwali, ni nyongeza ya busara. Bali aliyekaa chini kupita kiasi alichoruhusiwa hana hiari, akikosa kusimama ameingia hatarini kwa yakini. Hili la pili naliita tuo la faradhi, na sioni kwamba nimeingiza dini mahali pasipo pake, kwa kuwa faradhi imekuwa neno la watu wote tangu zamani. Palikuwa na rai kwamba la kwanza liitwe tuo la sunna, nami niliikataa ijapokuwa mizani yake ni nzuri, kwa sababu mvivu akisikia sunna husikia ruhusa, na chuo nilichokitaja hakimruhusu mtu kuliruka.

Haya yote niliiandikia kamati katika barua ndefu, kabla orodha haijatoka. Sikujibiwa. Orodha ilipotoka, nikalikuta "kituo cha usalama" pamoja na "ugonjwa wa mgandamizo", jina lisemalo kinyume cha ukweli, kwa kuwa maradhi yale huletwa na kuondoka kwa mgandamizo, si kwa kuwapo kwake. Na mtu aliyeisoma barua yangu hata ukurasa wa kwanza asingaliandika hivyo.

Kwa matumizi: wingi wake ni matuo, husemwa kuweka tuo, kushika tuo kwa dakika 3, na kuruka tuo kwa aliyepita bila kusimama. Katika kibao cha chomboni iandikwe "Tuo la hadhari: mita 5, dakika 3", na mwalimu aliyezoea kusema stopu na aendelee kuisema kwa wageni wake, maadamu kwa vijana wa Nungwi na Matemwe anasema tuo. Mkuu wa chuo amekubali kuichapa karatasi yake hivyo bila kungoja kikao kijacho cha kamati.